Behewa la EAR pale Voi: kijivu au hudhurungi? Naliunda kwa 1:87, nimekwama kwenye rangi

#1 Mataruma
Habari wakuu. Naunda modeli ya behewa la mizigo la East African Railways, lile la kufunikwa lenye bogi mbili (fremu zenye magurudumu), kwa kipimo cha 1:87 juu ya reli ya mm 12 (upana kati ya reli mbili). Mwili umeshakatwa kwa plastiki ya nusu milimita. Bado ribiti, breki na rangi.

Rangi ndiyo imenikwamisha. Nina picha mbili za nyeusi na nyeupe, zote stesheni ya Voi. Ya kwanza nyuma imeandikwa 1958 kwa penseli, na behewa ni jeusi karibu kama masizi. Ya pili haina tarehe, behewa ni kijivu cha majivu. Namba ni tofauti, lakini milango, komeo na idadi ya nguzo za ubavuni ni ile ile, na herufi EAR ni nyeupe kwenye zote. Picha ya kwanza ina kichwa cha 59 class kwa nyuma, mkono wa signali upande wa kulia, na kwenye boriti ya chini ya behewa kuna herufi ndogo ninazozisoma DSM.

Nipake rangi ipi, na kwa nini picha hizi hazipatani?

#2 Filamu120
Mkuu, chunguza filamu kwanza. Filamu za othokromatiki hazioni wekundu. Kitu chochote chenye wekundu, hata hudhurungi ya rangi ya oksaidi, hutoka cheusi, na buluu hutoka nyeupe. Verichrome ya Kodak ilikuwa ya aina hiyo mpaka 1956 ilipoingia Verichrome Pan, inayoona rangi zote. Roli lililokaa dukani au ndani ya kamera lingeweza kabisa kupigwa 1958.

Kipimo unacho ndani ya picha yenyewe: mkono wa signali. Ule wa kuingilia stesheni ni mwekundu wenye mstari mweupe. Ukiona ni mweusi kama lami, filamu ni otho, na behewa lako laweza kuwa hudhurungi ya kawaida tu. Ukiona ni kijivu cha kati, filamu inaona wekundu, na weusi wa behewa unahitaji maelezo mengine.

#3 Vernia
Rangi hufutwa na kurudiwa. Vipimo vikikosewa unaanza upya. Mkuu Mataruma, urefu wa mwili uliupataje?

#4 Ruvu_Mnyusi
Mimi hiyo DSM ndiyo inanisumbua kuliko rangi. Ikiwa ni alama ya karakana ya Dar es Salaam, behewa la Reli ya Kati lilifikaje Voi 1958? Reli ya Tanga na Reli ya Kati hazikuwa zimeungana. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilifunguliwa 1963. Kabla ya hapo behewa la Tanga, Korogwe au Moshi lingeweza kupita Kahe na Taveta hadi Voi, kwa sababu njia ile ipo tangu Vita ya Kwanza ya Dunia. La Dar lisingeweza kwa magurudumu yake.

Kwa hiyo ama tarehe ya penseli si sahihi, ama herufi hizo si DSM.

#5 Mataruma
Asanteni. Filamu120, mkono wa signali umepigwa kwa nyuma. Naona mweupe wenye mstari mweusi.

Vernia, urefu niliupata kwa kupima gurudumu kwenye picha na kuzidisha.

#6 Filamu120
Mgongo wa mkono ni mweupe kweli, kwa hiyo hausemi lolote. Basi tumia kichwa. Vichwa vya EAR vilipakwa maruni. Linganisha ubavu wa tangi la maji la hiyo 59 na ubavu wa behewa. Vikiwa na weusi ule ule, behewa lilikuwa na wekundu, au filamu ni otho, au vyote viwili. Behewa likiwa jeupe zaidi ya kichwa, kijivu kinabaki mezani.

#7 Masizi
Naheshimu bandiko #6, ila kichwa cha mvuke kilichotoka kupanda kutoka Mombasa si kadi ya kupimia rangi. Mafuta mazito, masizi na mvuke uliokauka hugeuza maruni kuwa kahawia iliyokolea, na upande uliofutwa na tambara unang'aa kuliko ulioachwa. Ukipima hapo unapima usafi wa kichwa. Tafuta sehemu iliyofutwa: kuzunguka bamba la namba na jina, ambako mafundi walipenda kusafisha.

#8 Vernia
Mataruma, kipimo cha gurudumu ni hatari kwa sababu mbili. Tairi la chuma huchongwa karakana kila linapolika, kwa hiyo kipenyo hakibaki kile cha mchoro. Pili, ni kitu kidogo. Kama gurudumu lina pikseli 40 kwenye picha, kukosea pikseli moja ni asilimia 2.5. Kwenye behewa la mita 12 hiyo ni sentimeta 30, na kwenye modeli yako ni kama mm 3.4. Nguzo zote za ubavuni zitahama, na mlango hautakaa katikati.

Anza na kitu kirefu kisha ushuke kwenye kidogo. Kama kuna behewa la aina hiyo limeegeshwa yadi yoyote, omba ruhusa kwa stesheni masta, kisha pima kwa utaratibu huu: urefu kutoka boriti ya kichwa hadi boriti ya kichwa, katikati ya bogi hadi katikati ya bogi, ekseli hadi ekseli ndani ya bogi moja, kimo cha sakafu kutoka uso wa reli, kimo cha katikati ya kuplingi, upana wa mwili bila nguzo na pamoja na nguzo, uwazi wa mlango, na kimo cha paa ukingoni na kileleni. Vipimo hivyo kumi vinatosha kuchora. Vilivyobaki utavisoma kwenye picha.

Kila picha ya kina weka rula ya sentimeta 30 ikigusa kile unachopiga. Isiwe mbele yake wala nyuma yake, maana rula iliyo karibu na kamera kwa sentimeta 20 inadanganya. Ubavu mzima upige kutoka mbali kwa lenzi ya kuvuta, ukisimama sawa na katikati ya mlango. Ukisogea karibu na kutumia lenzi pana, mabogi yanaonekana kama yametanuka kwenda kwenye ncha.

#9 Kidatu1067
Nauliza tu: kwa nini mm 12? Reli ya mita moja kwa 1:87 ni mm 11.49. Yako mm 12 ni sawa na mm 1044 halisi, yaani pana mno kwa mm 44. Reli yetu ya TAZARA ni 1067, na hiyo hiyo mm 12 inapungua kwa mm 23 tu. Mmejenga reli ya TAZARA, halafu mnaiita EAR!

#10 Mvita
Kidatu1067 karibu, tulijua utafika tu.

Kwa anayechagua kipimo sasa: mm 45 kwa 1:22.5 inatoa mm 1012, karibu kabisa na mita moja, ila behewa moja ni refu kuliko mkono. Reli ya mm 16.5 kwa 1:64 inatoa 1056, inafaa zaidi TAZARA. Mm 9 kwa 1:120 ni 1080, hiyo pia ni ya TAZARA. Na anayetaka SGR hana kazi: mm 16.5 kwa 1:87 ni 1435 barabara.

#11 Vernia
Hiyo mm 44 ya ziada haionekani kwa macho ukitazama kwa ubavu. Kinachoonekana ni upana wa magurudumu. Gurudumu la kawaida la modeli lenye upana wa mm 2.8 ni sawa na mm 243 halisi. Ukichukua lile jembamba la mm 2.2 bado ni kama mm 190. Ndiyo maana fremu za bogi husukumwa nje, na behewa likitazamwa kwa mbele linaonekana limetanua miguu. Tumia magurudumu membamba, na punguza unene wa fremu ya bogi kwa nyuma, usiguse uso wake. Angalia pia urefu wa ekseli kutoka ncha hadi ncha kabla ya kununua bogi, maana hutofautiana. Ekseli ikiwa fupi kwa nusu milimita bogi linalegea na behewa linayumba. Ikiwa ndefu, linagoma kuzunguka.

#12 DadaWaKarakana
Turudi kwenye rangi. Hakuna aliyetaja picha za kiwandani. Watengenezaji wa Uingereza walikuwa wakipiga picha rasmi behewa la kwanza la kila oda, na mara nyingi walilipaka kijivu kisichong'aa kwa ajili ya picha tu, herufi zikakolezwa ili zisomeke. Mtu akiiona picha hiyo anaamini mabehewa yote yalikuwa kijivu. Baadaye mwenye modeli anapaka kijivu, mwingine anaiga modeli hiyo, na kosa linakuwa ushahidi.

Lakini picha hizo ni dhahabu kwa mambo mengine: mpangilio wa breki, umbo la bawaba, idadi ya ribiti. Tafuta bamba la mtengenezaji kwenye boriti ya pembeni. Likisema Gloucester, kumbukumbu za kiwanda kile zimehifadhiwa Gloucestershire Archives, Uingereza. Jumba la makumbusho ya reli Nairobi nalo, lililofunguliwa 1971, ni la kuulizia. Pale pale yupo 5918 Mount Gelai, kwa wanaotaka kuiona 59 kwa macho.

#13 Mataruma
Dada, picha ya pili ya kijivu si ya kiwandani. Kuna watu wanapakia magunia.

#14 DadaWaKarakana
Basi hoja yangu haiihusu hiyo. Inabaki kwa wale wanaokuambia kijivu kwa kuwa waliona kijivu mahali.

#15 UdongoMwekundu
Voi. Tsavo. Tembo wa kule ni wekundu kwa sababu ya udongo, sembuse behewa? Vumbi lile likishika ubavu uliopakwa kijivu, kwa jicho linakuwa hudhurungi, na kwa filamu ya otho linakuwa jeusi. Behewa lililonyeshewa Mombasa jana yake linarudi kijivu. Picha zako mbili zinaweza kuwa za rangi moja kabisa, moja kiangazi, moja baada ya mvua.

Kagua hivi. Vumbi hupanda kutoka chini, kwa hiyo theluthi ya chini ya ubavu huwa na rangi nzito kuliko chini ya ukingo wa paa. Kwenye ncha za behewa hukaa zaidi. Pale mlango unapoteleza kuna mstari msafi wenye upana wa mlango. Ukiona weusi uko sawa kutoka juu hadi chini, hilo si vumbi.

#16 Mataruma
Nimekagua. Picha ya kwanza weusi uko sawa juu hadi chini, lakini nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu kuna ukanda mweupe kidogo.

#17 UdongoMwekundu
Huo ukanda ndio rangi ya kweli!

#18 Masizi
Au ndio rangi ya zamani. Sehemu ambayo mlango unaifunika huchakaa kidogo kwa jua, na mpakaji rangi mwenye haraka haifikii asipousogeza mlango. Behewa la KUR (Kenya and Uganda Railways) liliweza kurithiwa na EAR 1948, likapakwa juu juu, na rangi ya zamani ikabaki nyuma ya mlango. Jina lilibadilika siku moja, brashi ilichukua miaka.

#19 Tabaka
Mabishano ya namna hii yanamalizwa na chuma chenyewe. Kama lipo behewa chakavu na mwenyewe amekuruhusu, tafuta sehemu ambayo jua halijafika: nyuma ya bamba la namba, chini ya reli ya mlango, ndani ya kona ya engo. Chukua msasa wa maji namba 400, sugua duara la ukubwa wa sarafu mpaka uone chuma katikati. Fuata na 800, kisha 1200, ukipanua ukingo polepole. Matabaka yatatokea kama pete za gogo: chuma, rangi ya dawa, rangi ya kwanza, ya pili, na kuendelea. Lowesha kwa maji kabla ya kupiga picha, rangi zinarudi. Weka kipande cha karatasi nyeupe ndani ya picha ili urekebishe mwanga baadaye.

Tahadhari: rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi. Usisugue pakavu, vaa barakoa na glavu, na futa maji yote kwa karatasi utakayoitupa ndani ya mfuko uliofungwa.

Kosa la kawaida ni kudhani rangi ya dawa ndiyo rangi ya behewa. Ile nyekundu iliyogusa chuma ni kinga ya kutu tu. Hesabu kuanzia inayofuata.

Herufi za zamani pia husomeka bila kusugua. Jioni, weka tochi ikilala na ubavu. Rangi ya herufi huacha kimo kidogo, na kivuli chake kinaonekana hata chini ya makoti matatu.

#20 Ruvu_Mnyusi
Tabaka, hiyo ya tochi inafaa hata kwa DSM, likipatikana behewa lenye namba ile.

Mataruma, ongeza ukubwa wa skani ya herufi zile. Picha ya karatasi ukiiskani kwa nukta 1200 kwa inchi inatosha, zaidi ya hapo unakuza chembe. Kama negativu ipo, hiyo ndiyo ya kuskani kwa namba kubwa.

#21 Kisumu_Pier
Ruvu_Mnyusi, umesahau ziwa. Meli za kubeba mabehewa, Umoja na Uhuru, zilikuwa zikivusha mabehewa kati ya Mwanza na Kisumu. Behewa la Dar lingeweza kufika Voi kwa kuzunguka Tabora na Mwanza.

#22 Ruvu_Mnyusi
Sijalisahau. Meli hizo zilianza katikati ya miaka ya 1960. Kwa 1958 hazisaidii. Zinasaidia picha ya pili, isiyo na tarehe.

#23 Mvita
59 class zilikuja 1955 na 1956, kwa hiyo picha ya kwanza haiwezi kuwa kabla ya hapo. Lakini hakuna kinachoizuia kuwa 1966. Penseli nyuma ya picha huandikwa na mtu aliyekumbuka, tena labda miaka 20 baadaye. Kwangu DSM ni ushahidi mzito kuliko penseli.

#24 Filamu120
Ikiwa 1966, hoja yangu ya otho inadhoofika sana, nakubali. Roli la kabla ya 1956 kukaa miaka kumi kwenye joto la pwani lingetoa ukungu na picha iliyofifia. Mataruma, weusi kwenye vivuli ni safi au una ukungu wa kijivu?

#25 Mataruma
Ni safi kabisa. Nimeskani upya kwa 1200. Herufi ya kwanza ni D. Ya pili inaweza kuwa S au 5. Ya tatu nusu yake imefunikwa na mnyororo wa mlango.

Wakati tunasubiri, nisaidieni ribiti. Nimejaribu kuzitoboa kwa sindano kwenye hii plastiki ya nusu milimita, inapasuka.

#26 Vernia
Ni nene mno. Kichwa cha ribiti cha mm 20 kwa 1:87 ni mm 0.23. Kata ngozi ya nje kwa plastiki ya mm 0.13, chora mistari kwa penseli upande wa nyuma, kisha bonyeza kwa sindano butu juu ya kadibodi ngumu, ukifuata kipande cha matundu sawa kama kiongozi. Usigonge kwa nyundo, bonyeza kwa uzito ule ule kila mara. Ukikosea moja, tupa ukanda mzima, jicho huikimbilia hiyo hiyo. Gundisha ngozi hiyo juu ya mwili wako kwa gundi kidogo sana kutoka ukingoni. Gundi nyepesi ya plastiki ikizidi inayeyusha ribiti.

Na toboa matundu mawili ya mm 3 sakafuni. Mvuke wa gundi ukifungiwa ndani ya boksi, mbavu hubonyea kwa ndani baada ya wiki mbili tatu, rangi ikiwa imeshakauka. Weka vizuizi vya ndani kila mm 30.

#27 Mizani
Kabla hujafunga sakafu, weka uzito. Kanuni ya NMRA (chama cha waunda modeli za reli cha Marekani) kwa reli nyembamba za 1:87 ni wakia 0.75, kisha ongeza 0.375 kwa kila inchi ya urefu. Behewa la mm 140 linatakiwa kama gramu 80 likiwa kamili. Gundisha nati za chuma juu ya kila bogi. Zikikaa katikati tu, ncha zinakuwa nyepesi na behewa linaruka kwenye mchepuko.

#28 Mataruma
Shukrani. Na herufi?

#29 DadaWaKarakana
Dekali (herufi za kubandika kwa maji) haishiki kwenye rangi isiyong'aa. Hewa inanasa chini yake na inang'aa kama magamba. Piga vanishi ya kung'aa, subiri siku nzima, lowesha dekali, iteleze mahali pake, weka dawa ya kulainisha ili ilale juu ya ribiti. Ikikunjamana usiiguse, itajinyoosha ikikauka. Penye ribiti toboa kwa ncha ya sindano na urudie dawa. Mwisho vanishi isiyong'aa.

Herufi usizitumie nyeupe tupu. Changanya kijivu kidogo, la sivyo zinaelea juu ya behewa.

#30 Tabaka
Na rangi ya mwili pia ipauke. Behewa la kweli unalitazama kutoka mita 20 kupitia hewa na vumbi. Ongeza sehemu moja ya nyeupe kwa kila tisa.

#31 Masizi
Sikubaliani na nyeupe. Inafanya hudhurungi kuwa waridi. Tumia kijivu cha joto au rangi ya vumbi lenyewe, na acha vanishi isiyong'aa ifanye kazi iliyobaki. Ukipausha rangi kisha ukapausha tena kwa vumbi, umelipia deni mara mbili.

#32 Tabaka
Kwenye hudhurungi nakubali. Kwenye kijivu nyeupe inafaa.

#33 UdongoMwekundu
Jambo moja halibishaniwi: chini ya sakafu. Breki za chuma cha kusubu hutema unga unaopata kutu. Bogi, mitambo ya breki na sehemu ya ndani ya boriti huwa kahawia ya kutu, mwili uwe kijivu au hudhurungi. Anza hapo.

#34 Mataruma
Nimepaka mabogi jana usiku kwa ushauri wa #33. Mabaki mawili ya plastiki nimeyapaka pia, moja hudhurungi iliyochanganywa na kijivu cha joto, moja kijivu chenye nyeupe kidogo. Nimeyapiga picha juani kwa simu, nikageuza nyeusi na nyeupe: yanatoka karibu sawa. Nilipochuja wekundu kwenye programu ili kuiga otho, la hudhurungi likawa jeusi kama lile la picha ya kwanza.

#35 Filamu120
Basi otho imerudi!

#36 Mvita
Imerudi pamoja na 1958, na DSM haina pa kukaa.

#37 Kisumu_Pier
Mkuu Mataruma, tupia kipande cha zile herufi peke yake, na namba kamili ya behewa. Mimi naona D5.

#38 Ruvu_Mnyusi
Mimi bado naona S. Tazama mkia wake wa juu, 5 ingekuwa na kona.